Saa za Usukani na Saa za Macho

Ijumaa, 7 Juni 2024. Mbeya, saa 5 asubuhi

Daftari hili nililinunua la kuandikia mafuta na kilomita. Leo naliandikia jambo ambalo sijamwambia mtu: si konda, si mwenzangu wa usukani, wala mke wangu nilipompigia asubuhi kumwambia tumefika salama.

Salama tumefika. Ila jana usiku nililala nikiwa naendesha.

Mwenzangu alilitoa basi Mbezi, Dar, saa 12 jioni, tukapokezana Mikumi mjini saa 6 na nusu usiku. Ruaha Mbuyuni naikumbuka vizuri: vibanda vya vitunguu vimefungwa, taa moja ya duka, mbwa kajilaza ukingoni mwa lami. Ilikuwa saa 8 na dakika 10. Baada ya hapo kinachonijia ni mlio tu, tairi la kushoto linasaga kokoto nje ya lami. Katikati ya mbwa yule na mlio ule hakuna kitu. Sikuota. Kichwa hakikuanguka. Nadhani hata macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa yangu.

Nikarudisha usukani taratibu. Ungekuwa utoto wa kazi ningeukata ghafla, na basi refu ukilikatia usukani ghafla linalala ubavu. Mwezi haukuwepo kabisa. Pembeni kulikuwa na giza tupu, sikuona kama ni shamba au korongo, na mlima Kitonga ulikuwa bado mbele yangu.

Abiria wote walikuwa usingizini isipokuwa bibi mmoja wa kiti cha mbele, kajifunga kitenge hadi kidevuni, ananitazama. Hakusema neno. Aliposhuka Ipogolo nilimwambia, "Karibu tena, mama." Akanishika mkono akasema, "Ulale, mwanangu." Basi, akachukua kikapu chake akaenda zake.


Jumapili, 9 Juni. Dar

Niko mapumziko. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa na hesabu zake mezani, nikamwomba anipigie moja: gari la kilomita 80 kwa saa, kwa sekunde moja linakwenda mita ngapi? Akaandika: 22 na kidogo. Nikamwuliza, na kwa sekunde 4? Akasema 89. Akaniuliza, "Baba, hiyo ya nini?" Nikamwambia ni ya kazini.

Mita 89 ni mabasi saba kama langu yakipangwa foleni. Sijui kama nilipotea sekunde nne. Zinaweza kuwa mbili, zinaweza kuwa sita.

Nimekaa nikahesabu pia jambo jingine. Alhamisi niliamka saa 11 alfajiri kulipeleka basi gereji, kulikuwa na kazi ya breki. Gereji nimetoka saa 8 mchana. Nikapita msibani kwa jirani, nikarudi kuoga, nikaenda stendi. Mwenzangu alipokuwa anaendesha kipande chake nilitakiwa nilale kule chini kwenye kitanda cha madereva karibu na mizigo. Sikulala, nilikuwa mbele napiga soga na konda. Kwa hiyo saa 8 usiku pale Ruaha nilikuwa nimeshika usukani kwa saa moja na dakika 40 tu, lakini nilikuwa macho kwa saa 21.

Kwenye kozi ya madereva wa abiria mwalimu alitusomea utafiti wa Australia wa mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Tulicheka. Mmoja akasema, "Basi sisi wote walevi." Mimi pombe sijawahi kuonja maishani.

Sheria inasema safari ikizidi saa 8 basi liwe na madereva wawili. Sisi tuko wawili, na karatasi zetu ni safi. Sheria inahesabu saa za usukani. Mwili unahesabu saa za kuwa macho.


Jumatano, 12 Juni. Mbeya

Safari hii nilianza mimi, kwa hiyo hifadhi ya Mikumi nimeipita nikiwa kwenye usukani, saa 5 na nusu usiku. Lami inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Vibao vinataka 70 mchana na 50 usiku, na kuna bango la faini kwa kila mnyama. Twiga peke yake ni dola 15,000. Abiria huwa wanadhani 50 ni kwa ajili ya wanyama tu. Nami niliamini hivyo miaka mingi.

Taa za chini, zile za kupishana, hazinionyeshi vizuri zaidi ya mita 50 au 60. Nikiwa 80, kabla mguu haujafika kwenye breki nimeshakula mita 30 na ushee. Breki yenyewe na uzito ule inataka nyingine kama 50. Jumla 80. Maana yake kitu nikikiona, nimeshakigonga; kilichobaki ni mlio. Nikiwa 50, mambo yote yanaisha ndani ya mita 40, na nuru bado imebaki mbele yangu.

Swala anajitangaza kwa macho, yanawaka kama vijinga vya moto. Tembo ana rangi ya lami. Twiga unaona miguu minne kama miti, mwili wote uko juu ya taa. Na nje ya hifadhi kuna mwenye hatari kuliko twiga, naye hana bango: mtu aliyevaa koti jeusi, anasukuma baiskeli ya mkaa, hana hata kipande cha kuakisi. Huyo nikishusha taa kumpisha mwenzangu anapotea kabisa. Kwa hiyo tangu leo, nikishusha taa nashusha na mwendo. Viende pamoja, kama vile taa na mwendo vimefungwa kwa kamba moja.


Jumanne, 18 Juni. Dar

Abiria wa Idd wanarudi, basi limejaa. Tukiwa tunashuka kuja Dar, kati ya Makambako na Mafinga, mbele yangu nikaona matawi barabarani. Mguu ukatoka kwenye mafuta wenyewe. Mita kadhaa mbele, semi ya mbao imekufa katikati ya njia yake, haina taa hata moja, rangi imeliwa na vumbi. Bila matawi yale ningelijua kwa kioo cha mbele.

Nilianza kazi hii nikiwa utingo wa semi ya Tunduma. Gari likiharibika usiku, dereva wangu alikuwa na amri moja kabla hata ya kufungua boneti: "Panga!" Nakimbia kukata matawi. Nahesabu hatua mia nyuma ya gari, natupa. Nyingine mia, natupa. Halafu mbele ya gari pia, kwa sababu anayekuja upande wa pili naye anataka kujua kwa nini watu wanahamia upande wake. Pembetatu za kuakisi ziko kwa sheria, na kila gari huwa nazo siku ya ukaguzi. Matawi hayaakisi mwanga lakini barabara nzima inayasoma. Ubaya wake ni mmoja: gari likipona, dereva anaondoka na matawi yanabaki. Keshokutwa yake anapita mwingine, anayaona, hamna gari, na tawi kubwa linamwangusha mwenye bodaboda. Yule mzee alikuwa hatuondoki mpaka nimeyaokota yote. Nilikuwa namlaani kimoyomoyo.

Jambo jingine la leo. Semi ya mbele ikiwasha indiketa ya kushoto inakwambia pita. Ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Ni lugha nzuri na imeokoa wengi. Lakini kulia hiyohiyo inaweza kuwa mtu anakata kona kwenda kijijini kwake. Na kushoto ni macho yake, si yangu. Yeye anaona gari, bodaboda isiyo na taa haioni. Siku hizi nashukuru kwa honi, halafu nasubiri nijionee mwenyewe.


Jumamosi, 22 Juni. Mbeya

Mwezi mpevu. Barabara ilikuwa kama imemwagiwa unga, na mwenzangu akasema, "Mzee wangu, leo ni kama mchana." Nikamwambia mwezi huo unaonyesha milima, hauonyeshi shimo.

Leo nimegombana na konda. Runinga yetu imefungwa juu mbele, upande wa kushoto. Filamu ikiwaka, picha yake inakaa kwenye kioo changu. Unaendesha huku mwanamke analia katikati ya lami. Nikasema ikifika saa 4 usiku izimwe, na taa za ndani pia. Konda akasema abiria watalalamika. Walilalamika. Mmoja akasema nauli yake ina filamu ndani.

Sikuwa na muda wa kumweleza kwamba jicho ni kama chungu cha maharage, halina haraka. Ukitoka kwenye mwanga, linachukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Mwanga mkali wa sekunde moja unaivuruga kazi hiyo, iwe ni skrini ya runinga au simu ya kuangalia nani kapiga. Nimeweka simu kwenye mkoba wa konda.

Kioo nacho nilikifuta kwa ndani. Watu wanafuta nje tu. Ndani kuna utando wa pumzi na vumbi ambao mchana huuoni, usiku kila taa inayokuja inautandaza kioo kizima. Gazeti na maji vilitosha. Taa za mbele nazo nilizipangusa Mikumi, kitambaa kilitoka cheusi.

Kuna hawa waliofunga mistari ya taa nyeupe juu ya bampa. Akija anayekupofusha, dawa si kumwashia na wewe zako. Hapo mnakuwa vipofu wawili mnaopishana kwa mwendo wa 160 mkijumlisha. Naangalia mstari mweupe wa kushoto, naupunguza mwendo, namwacha apite. Akishapita kuna sekunde chache za weusi. Mwenzangu anasema kwake ni kupepesa tu. Kwangu ni ndefu. Hilo limenitia wasiwasi.


Ijumaa, 28 Juni. Dar

Nimekwenda hospitali kupima macho. Nilidhani nitaambiwa miwani tu. Daktari kijana, akanipa shikamoo kwanza, kisha akaniambia mtoto wa jicho ameanza upande wa kulia, bado mdogo. Ndiyo maana taa zinavaa duara kama mwezi wa mvua. Akasema pia kwamba mtu akishafika miaka 50 mboni haifunguki kama ya kijana, kwa hiyo gizani nuru inayoingia ni kidogo, na kupona baada ya kupofushwa na taa kunachukua muda zaidi. Hakunikataza kuendesha. Amenipa miwani ya kuonea mbali na amenitaka nirudi baada ya miezi 6.

Nilimtolea miwani ya njano niliyonunua Kariakoo, ile wanayosema ni ya usiku. Akaivaa, akacheka. Akasema kioo chochote chenye rangi kinapunguza nuru, "na wewe, mzee, nuru ndiyo unayoitafuta." Nimempa binti yangu aichezee.

Miaka 51. Nilikuwa najiita mtu wa usiku.


Alhamisi, 4 Julai. Mbeya

Nimemwambia.

Tulikuwa Mikumi mjini saa 6 na nusu, tunakunywa chai kwa mama ntilie kabla ya kupokezana. Mwenzangu ana miaka 34, ana heshima, na ndiyo iliyokuwa inanizuia: nilimfundisha mimi kushuka Kitonga kwa gia. Nikamwambia, "Mwezi uliopita, Ruaha, nililala." Alinyamaza akizungusha kikombe. Nilitegemea aseme pole. Akasema, "Mimi ni Aprili, mzee wangu. Chalinze. Niliamshwa na honi ya lori."

Tulikaa tunatazamana kama watu waliokutana mlangoni mwa mganga mmoja.

Tukaanza kuhesabiana tunavyojidanganya. Dirisha wazi: upepo unakupa dakika kumi, tena za kudhani. Muziki juu: unaamsha abiria. Karanga, maji ya baridi usoni, kujipiga paja. Wapo wanaotafuna mirungi. Hao usingizi hawajaulipa, wameukopea juu ya deni, na ukija kudai unakuja na riba. Nikamwambia lile la kozini: mwili wa binadamu una saa zake za kuzama, kati ya saa 8 na saa 12 alfajiri, na nyingine ndogo baada ya chakula cha mchana. Hazijali wewe ni dereva wa miaka 20. Sisi tunazipita hizo hasa tukiwa kati ya Ruaha na Makambako.

Tukaona pia dalili ambazo kila mmoja alikuwa anazificha. Unapita kijiji halafu hukumbuki kama umekipita. Unapiga miayo mfululizo. Basi linatangatanga ndani ya mistari. Unafika kwenye matuta ukiwa umechelewa. Ikifika hapo hakuna ujanja uliobaki, ni kusimama.

Tumekubaliana mambo matatu. Asiyeendesha yuko chini, kalala, hana soga. Tukifika Ruaha Mbuyuni tunasimama penye taa na watu. Anayeendesha anakunywa kahawa halafu analala dakika 20 hapohapo. Kahawa inachukua karibu muda huohuo kufanya kazi, kwa hiyo vinakutana akiamka. Kisha dakika chache za kutembea kabla ya kugusa ufunguo, maana ukiamka tu akili bado iko kitandani. La tatu: mmoja akisema "siwezi", mwingine haulizi kwa nini.

Tulifanya hivyo usiku huohuo. Abiria mmoja alipiga kelele, "Dereva, tunawahi mazishi!" Konda akamjibu, "Tunayakwepa mengine, kaka."


Jumanne, 9 Julai. Dar

Tumekwenda wote wawili kwa meneja. Nilimweleza ya Ruaha bila kupunguza. Nilijua naweza kutoka pale sina kazi.

Nilimkumbusha tulikotoka. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali. Ikifika saa 6 usiku tulikuwa tunalaza gari na abiria wanalala vitini. Oktoba 2023 ndipo ruhusa ya saa 24 ilipoanza. Sote tulishangilia: abiria anaokoa siku nzima ya kazi, tajiri anapata safari zaidi, na sisi posho. Mfumo wa LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, unamwona anayezidi mwendo. Haumwoni aliyetoka gereji saa 8 mchana.

Meneja alisikiliza, anachezea kalamu. Akasema dakika 20 za Ruaha ni sawa, ziingie kwenye ratiba. La gereji akasema, "Nani atakwenda, mimi?" Mwenzangu akamjibu kwa upole, "Yeyote asiyeendesha usiku huo, bosi." Hakujibu. Kisha akasema tujaribu mwezi mmoja. Si ushindi mkubwa, ila nimetoka na kazi yangu.

Usiku nimemwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, akanyanyuka, akafunga pazia la chumbani kwa pini za nguo ili mchana pasiingie mwanga. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia.


Ijumaa, 12 Julai. Mbeya, jioni

Nyololo kulikuwa na ukungu mzito alfajiri ya leo. Fulu haifai kwenye ukungu, inakurudishia ukuta mweupe usoni. Nilishusha taa, nikashika mstari wa kushoto, nikaenda 30. Magari mawili madogo yalinipita kama yanajua kilichoko mbele. Sikuyafuata.

Tumeingia Mbeya saa 3 kasoro dakika 10, tumechelewa dakika 50. Abiria wameshuka wananung'unika, na wana haki.

Basi limeoshwa na vijana. Sikukaa nao. Nimelala saa 4 asubuhi, nimeamka saa 10 jioni. Saa 6 kamili. Tunaondoka saa 12.